Titi Moja Kubwa, Jingine Dogo: Kupunguza, Kuongeza au Kuhamisha Mafuta?

Daktari wa upasuaji rekebishi anayeijua kazi yake haanzi kwa kukuuliza unataka upasuaji gani. Atakuuliza: kati ya haya mawili, lipi ungependa uwe nalo pande zote mbili? Wanawake wengi hukwama hapo. Wamekuja na jibu kichwani, mara nyingi silikoni, na swali lenyewe hawajawahi kujiuliza. Ukishalijibu, nusu ya njia nitakazozitaja zinajitoa zenyewe.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua: kama titi dogo lina ukubwa unaoweza kuishi nao, lipunguze lile kubwa. Kuweka kitu kigeni upande mmoja ni kuanza safari ya miaka mingi, na watu hawaambiwi hivyo siku ya kulipa. Wapo wanawake ambao ushauri huo hauwafai hata kidogo, nao nitawafikia.

Kabla ya kisu

Hakuna matiti mawili yanayolingana sawasawa. Tofauti ndogo ni maumbile tu. Inakuwa habari ya hospitali pale kikombe kimoja cha sidiria kinapofurika na kingine kukunjamana, mkanda wa upande mzito unapochimba bega, au binti anapoacha kuogelea na kujitanda mtandio kutwa katika joto la Dar es Salaam. Kwa baadhi yao fundi cherehani anatosha: sponji iliyokatwa kwa kipimo na kushonewa ndani ya kikombe cha upande mdogo, au titi bandia la kuvaa. Nayo ni njia, haina kovu, na inakupa muda wa kufikiri.

Tofauti iliyozuka ghafla ni jambo jingine kabisa. Titi likivimba upande mmoja ndani ya miezi michache, ukagusa kitu kigumu, ngozi ikabonyea au kuvutika, chuchu ikaingia ndani au ikatoa damu, iache makala hii na uende ukapimwe. Uvimbe usio saratani unaweza kulikuza titi la msichana likawa mara mbili ya lenzake, na kwa mtu mzima saratani yenyewe huweza kujionyesha hivyo. Daktari anayekupangia tarehe ya upasuaji bila kukushika matiti na bila kuuliza kama ukooni kuna aliyeugua saratani ya titi, mkimbie.

Umri nao una neno lake. Matiti ya binti wa miaka 14 bado yanakua, na lililochelewa mara nyingine hulifikia lenzake. Madaktari wengi husubiri mpaka ukubwa utulie, yaani kwenye miaka 18 hivi. Marekani, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, imeidhinisha vipandikizi, yaani vifuko vinavyowekwa ndani ya titi, vya maji ya chumvi kwa ajili ya kuongeza matiti kuanzia miaka 18, na vya jeli ya silikoni kuanzia miaka 22. Anayenyonyesha naye asubiri. Titi analolipenda mtoto hujaa zaidi, na tofauti hiyo mara nyingi hupungua mtoto akishaachishwa. Ipe miezi 6 ndipo ujipime.

Kulipunguza lile kubwa

Hapa daktari huondoa tishu na ngozi iliyozidi, kisha hupandisha chuchu ikae usawa wa ile ya upande wa pili. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna kinachoachwa ndani ya mwili. Kilichotolewa hupelekwa maabara ya patholojia kukaguliwa, na mara chache hukutwa ugonjwa ambao mwenyewe hakuujua. Ukikuta hospitali ambayo haipeleki, uliza kwa nini.

Bei yake ni kovu, na kovu linategemea kiasi kinachotolewa. Kwa tofauti ndogo huweza kutosha duara kuzunguka eneo jeusi la chuchu. Ikizidi, unaongezeka mstari wa kushuka mpaka chini ya titi. Kwa titi kubwa lililoanguka, mkato wa tatu hupita kwenye mkunjo wa chini, na umbo zima ndilo madaktari huliita nanga. Mchoro wake unatokana na kazi ya Robert Wise ya mwaka 1956 na bado unatumika duniani kote. Kunyonya mafuta peke yake kwa mrija hupunguza uzito na huacha vidoa vidogo tu, ila hakuinui titi wala hakupandishi chuchu, kwa hiyo kunamfaa mwenye titi la mafuta mengi ambalo bado halijalala.

Sasa tuzungumze kuhusu ngozi zetu. Keloidi, lile kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, huwapata zaidi watu weusi, na katikati ya kifua ni mojawapo ya sehemu zinazolipenda. Mkato wa nanga, ncha yake ya ndani, huelekea hukohuko. Kwa hiyo kabla hujamsikiliza mtu yeyote, vua nguo usimame mbele ya kioo. Angalia kovu la chanjo ya BCG mkononi: ni bapa au limetuna? Matundu ya hereni je? Kovu la upasuaji wa uzazi kama unalo? Likiwa limetuna hata moja, mwonyeshe daktari na uulize atakata wapi, atazuiaje, na kama ataanza mapema sindano za steroidi au bandiko la silikoni la kubana kovu. Hili pekee limewafanya baadhi ya wanawake wachague kukaa na tofauti yao, na siwalaumu.

Kuhusu kunyonyesha, majibu ya kukata na shoka yasikudanganye. Njia nyingi za kisasa huiacha chuchu ikiwa imeungana na tishu na mishipa yake, na wengi hunyonyesha baadaye, pengine kwa maziwa pungufu upande huo. Chuchu ikikatwa na kupandikizwa upya, jambo linalofanywa kwa matiti makubwa mno, kunyonyesha upande huo kumekwisha. Hisia ya chuchu inaweza kupungua, na mara chache hupotea. Kama unatarajia kuzaa karibuni, ni busara kuzaa kwanza, kwa sababu ujauzito utavuruga hata kazi iliyofanywa vizuri.

Nyumbani utakaa wiki moja mpaka mbili kabla ya kurudi kazi ya mezani, na takriban wiki 6 hutabeba ndoo, hutatwanga, hutambeba mtoto mgongoni. Umbo halisi huonekana baada ya miezi kadhaa. Mvutaji aache angalau wiki 4 kabla, na shisha imo, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu na chuchu inaweza kufa.

Kuna pia kuinua bila kupunguza, pale ambapo ujazo wa matiti ni ule ule ila moja limelala kuliko jingine. Makovu ni yaleyale, tishu inabaki. Wanawake wengi waliokwisha kunyonyesha hudhani titi lao moja limepungua kumbe limeshuka tu. Liinue kwa kiganja mbele ya kioo. Kama yanalingana, unahitaji kuinuliwa, na silikoni itakuongezea uzito wa kulivuta chini zaidi.

Silikoni upande mdogo

Kipandikizi cha kwanza cha jeli ya silikoni kiliwekwa Houston, Texas, mwaka 1962, kwa hiyo hatuzungumzii kitu kigeni kwa madaktari. Operesheni yenyewe ni fupi, saa moja au mbili chini ya nusukaputi, mkato wa sentimita chache kwenye mkunjo wa chini ya titi, na unatoka na ukubwa ulioagiza. Kwa mwanamke mwembamba ambaye titi moja halikukua kabisa, hakuna njia ya mara moja inayofikisha ujazo ule. Hilo lazima likubaliwe.

Tatizo ni miaka inayofuata. Titi la asili hunenepa ukinenepa, hujaa ukibeba mimba, hushuka ukizeeka. Lenye kipandikizi halifuati mwendo huo; hubaki limesimama. Picha ya mwaka wa kwanza inapendeza. Miaka 10 na watoto wawili baadaye, tofauti imerudi, safari hii kwa umbo badala ya ukubwa. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hushauri kuweka pande zote mbili kwa ukubwa tofauti, na hapo mwanamke aliyekuja na shida ya titi moja anaondoka na vipandikizi viwili vya kulea.

Kulea kweli. FDA inasema wazi kwamba vipandikizi si vya maisha yote, na kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa kufanyiwa upasuaji mwingine unavyoongezeka. Mwili hujenga utando kuzunguka kipandikizi. Kwa wengine utando huo hukaza mpaka titi likawa gumu na kuuma. Cha jeli kinaweza kupasuka bila mwenyewe kujua, na kwa sababu hiyo FDA inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI mwaka wa 5 au wa 6, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Jiulize: hapo unapoishi, MRI iko wapi, na nani atailipia mwaka huo? Mwenye kukaa Nairobi ana jibu. Wa Kigoma au Bujumbura afanye hesabu ya nauli pia.

Aina nayo ni muhimu. Mwaka 2010 kashfa ya kampuni ya PIP ya Ufaransa ilifichua vipandikizi vilivyojazwa silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye uso wa kukwaruza, kwa sababu ya uhusiano wake na saratani adimu ya mfumo wa limfu, BIA-ALCL. Saratani hiyo ni nadra na haifanani na saratani ya titi, ila inatosha kukufanya uulize jina, aina na namba ya kitu kinachoingia mwilini mwako. Tangu Oktoba 2021, Marekani, daktari analazimika kukupitisha kwenye orodha ya tahadhari na kuisaini pamoja nawe kabla ya kuuziwa. Huku kwetu unaweza kuiomba tu. Ukiona daktari amekasirika, umepata jibu lako.

Mafuta yako mwenyewe

Njia hii huchota mafuta tumboni, mapajani au kiunoni, huyasafisha, kisha huyarudisha kwa sindano butu ndani ya titi dogo. Kovu ni vidoa. Titi linabaki laini, linanenepa na kupungua pamoja na mwili, na linazeeka sambamba na lenzake. Kwa tofauti ndogo au ya wastani, hii ndiyo njia ninayoiona ya kiungwana kuliko zote.

Mafuta yanapohamishwa hayana damu yake. Yanategemea mishipa ya mahali yalipopelekwa. Ni sawa na kupandikiza mpunga: mche mmoja mmoja kwa nafasi yake unashika, fungu zima kwenye shimo moja linaoza. Kwa hiyo daktari husambaza nyuzi nyembamba za mafuta katika tabaka nyingi, na hawezi kujaza kupita nafasi iliyopo. Sehemu ya mafuta itanyonywa na mwili katika miezi ya mwanzo. Hubaki nusu au zaidi kidogo. Raundi moja kwa kawaida haizidi saizi moja ya kikombe cha sidiria. Tofauti ya saizi mbili itadai raundi mbili au tatu, zikipishana kwa miezi kadhaa, na kila raundi ina bili yake.

Yaliyokufa hayapotei yote. Mengine huacha vifuko vya mafuta au vijiwe vya kalisi, ambavyo mwanamke atavigusa usiku mmoja na kupata hofu ya saratani. Mtaalamu wa picha mzoefu kwa kawaida huvitambua kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, ila lazima aambiwe kwamba kulihamishwa mafuta. Ripoti ya upasuaji itunze na uende nayo. Na kuna kizuizi cha wazi: mwembamba asiye na mafuta ya kuchotwa hana mtaji.

Kati ya silikoni na mafuta, jaribio la mchele

Ukisikia "mililita 300" katika chumba cha daktari, tarakimu hiyo haikuambii kitu. Fanya hivi nyumbani. Vaa sidiria laini inayolikaa vizuri titi kubwa. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki au soksi ya nailoni, tia mchele mkavu, ufunge bila kuukaza, utie kwenye kikombe cha upande mdogo. Vaa fulana juu yake. Ongeza na upunguze mpaka yalingane, kisha miminia mchele ule kwenye jagi la vipimo. Si kipimo cha hospitali, lakini ukifika na jibu la mililita 120 mazungumzo ya mafuta yana maana, na ukifika na 400 unajua kwamba raundi moja ya mafuta haitafika. Tembea na mchele huo kutwa nzima. Wapo waliogundua kwamba hawautaki uzito ule kabisa, wakarudi kwenye kupunguza.

Pale ambapo njia moja haitoshi

Titi ambalo msingi wake umebanwa, jembamba kama mrija, duara la chuchu likiwa pana na kutokeza mbele, halina shida ya ujazo peke yake. Ukisukuma silikoni chini yake bila kuifungua tishu iliyokaza, unapata mikunjo miwili, mmoja wa titi na mwingine wa kipandikizi. Huyu anahitaji msingi ulegezwe, mkunjo ushushwe, duara lipunguzwe, ndipo ujazo uje, kwa silikoni au kwa mafuta. Muulize daktari amewahi kuyafanya matiti ya aina hii mangapi.

Wapo waliozaliwa bila sehemu ya msuli mkubwa wa kifua upande mmoja, hali iliyoelezwa na Alfred Poland huko London mwaka 1841, na ambayo hutokea zaidi upande wa kulia. Kwao hata kifua kiko bapa, na mara nyingine vidole vya mkono huo ni vifupi au vimeungana. Huenda ukahitajika msuli wa mgongoni kuletwa mbele kufunika kipandikizi, au mafuta kwa raundi nyingi.

Afrika Mashariki ina kundi ambalo makala za ng'ambo huligusia juujuu tu: wasichana waliomwagikiwa uji, chai au maji ya moto wakiwa wadogo. Kovu gumu la kifuani huifunga ngozi, na titi linalojaribu kuota chini yake halina pa kwenda. Kisu cha kwanza hapo ni cha kulifungua kovu na kupandikiza ngozi, kikifanywa mapema titi linapoanza kuota, ili lipate nafasi. Huyu asiambiwe asubiri miaka 18. Pia mama asimruhusu mtu yeyote kukata "kijiwe" chini ya chuchu ya mtoto wa miaka 8 au 9 bila bingwa kukiona. Mara nyingi hicho ndicho chipukizi la titi lenyewe, na likikatwa halioti tena.

Baada ya saratani mambo hubadilika. Titi lililopigwa mionzi hushikamana na kukaza, na kipandikizi ndani yake huleta matatizo zaidi kuliko kawaida. Tishu za mwenyewe, za tumboni au mgongoni, huvumilia vizuri zaidi. Mara nyingi rahisi kuliko yote ni kuligusa titi lisilougua kwa kulipunguza au kuliinua lifanane na lililotibiwa. Kwa Waswahili walioko Marekani, sheria ya mwaka 1998 inazitaka bima zinazolipia kukatwa titi kwa sababu ya saratani zilipie pia ujenzi wake na kulisawazisha la pili. Huku nyumbani bima nyingi hukataa kitu kinachoitwa urembo, kwa hiyo barua ya rufaa iseme sababu yenyewe: kovu la moto, ulemavu wa kuzaliwa, saratani.

Ningemwambia nani nini

Dada ambaye titi moja ni kubwa na zito, na jingine linamtosha: punguza, mara moja, upande mmoja. Mama aliyemaliza kuzaa, ujazo sawa, moja limelala: inua. Mwenye tofauti ya kikombe kimoja na nyama kidogo kiunoni: mafuta, na ajiandae kwa raundi ya pili. Binti mwembamba, titi moja karibu halipo: silikoni, akijua ratiba ya vipimo na gharama za kubadilisha, huku daktari akilishughulikia kidogo titi la pili ili yazeeke karibu pamoja. Mwenye keloidi kila alipowahi kukatwa: mafuta kama tofauti inaruhusu, la sivyo fundi cherehani.

Kupunguza moja na kuongeza jingine siku hiyohiyo kunauzwa sana. Kunafanyika, na kwa tofauti kubwa mno huenda kusiepukike. Mimi ningepunguza kwanza, nikae miezi 6, ndipo nione kama la pili bado linaniudhi.

Kuhusu pa kwenda: Muhimbili Mloganzila, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na CoRSU pale Kisubi, Uganda, zina huduma za upasuaji rekebishi, na hospitali binafsi za mijini zinazo. Jina la daktari litafute kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, au la baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, uone amesajiliwa kama bingwa wa nini; saluni yenye kitanda na taa kali haipo kwenye daftari lolote. Omba picha za wagonjwa wake weusi, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, maana kovu la wiki 6 haliambii mtu kitu. Mwambie kama una selimundu, shinikizo la damu au kisukari, na uliza nani atakuwepo kwenye nusukaputi.

Wanaosafiri India au Uturuki kwa ajili ya bei wauulize mfuko huohuo kama una pesa za kukaa huko wiki mbili au tatu baadaye. Damu kuvilia, usaha na mshono kuachia hujitokeza siku za mwanzo, na ndege ya saa nyingi baada ya nusukaputi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Ukirudi, njoo na ripoti ya upasuaji, majibu ya patholojia, na kama umewekewa kipandikizi, kadi yake yenye namba. Kadi hiyo ipige picha uitume kwa mtu mwingine siku hiyohiyo, kwa sababu kikipasuka miaka 12 baadaye, daktari wa hapa ataiomba kabla ya kushika kisu.